Nina elfu 90, naanza kazi tarehe 1: nianzie wapi Karume?

Kijana wa Kimara

Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi yangu ya kwanza, ofisi moja pale Posta. Tumeambiwa wazi: shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, kiatu cheusi cha kamba. Nimejibana nina 90,000 ya mavazi yote mpaka mshahara wa kwanza utoke. Dukani nimeona moka mpya ya elfu 35, lakini ukiinusa ni plastiki tupu, na sidhani kama itafika mwezi wa tatu.

Nimeamua niende Karume, soko la mitumba la hapa Dar. Shida yangu ni kwamba sijawahi kuchagua mwenyewe, nyumbani Mbeya mama ndiye aliyekuwa anatuchagulia. Naomba mnielekeze: niende saa ngapi, nianze na nini, na nitajuaje kitu ni kizima? Kiatu navaa 42, kiuno 32.

Muuza Moka

Hongera sana, mdogo wangu. Nauza moka Karume tangu kabla soko halijaungua ile Januari 2022. Hapa sikuuzii kitu, nataka tu uingie kazini umevaa vizuri.

Anza na kiatu, na usiogope kukipa karibu nusu ya hela yako. Shati la buku tatu likishapigwa pasi hakuna atakayejua bei yake. Kiatu kibovu kila mtu anakiona, na kikikatika katikati ya mwezi utanunua kingine kwa hela ya nauli.

Wateja wengi wakifika mezani wanageuza soli kutafuta jina. Jina baadaye. Weka jozi mezani, iangalie kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja tu, fundi anabandika kipande, maisha yanaendelea. Lakini kama kiatu kizima kimelala pembeni, yaani ngozi yenyewe imefuata mguu wa aliyekivaa kwanza, kiache. Kitaulaza na mguu wako huko huko.

Halafu soli, na hapa ndipo watu wanapolia. Kuna viatu vinakuja vinaonekana havijavaliwa kabisa. Ni kweli havijavaliwa, vimekaa kabatini miaka. Zile soli za povu jepesi, za poliuretheni, zinaliwa na unyevunyevu kwa ndani hata kiatu kikiwa kimetulia. Unakinunua kizuri, unakivaa, wiki haijaisha soli inameguka kama mkate mkavu, na hakuna gundi ya kuishika. Kwa hiyo bonyeza soli kwa ukucha, pale pembeni karibu na kisigino. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ukikunja kiatu ukaona nyufa ndogondogo au unga unadondoka, rudisha mezani hata ukipewa kwa elfu tano. Tafuta soli ya mpira mgumu, au ya ngozi iliyopitishwa uzi pembeni. Hizo zikiisha fundi anakuwekea nyingine, na kiatu kinaendelea.

Ngozi usiitafute juu, maana juu sote tunapiga rangi. Funua ulimi wa kiatu uangalie ukingo ulipokatwa. Ngozi halisi ina vinyuzi vimeshikana. Ya kuigiza utaona kitambaa chini na ganda jembamba juu. Kisha omba kitambaa kibichi ufute pale vidole vinapokunjia. Nyufa zinazofichwa na rangi zinakaa hapo. Muuzaji akikukatalia kufuta, ameshakujibu.

Namba soma ya kushoto na ya kulia, kwenye robota, yaani furushi la mitumba, jozi huwa zinachanganyika. 42 yako kwa namba za Uingereza ni 8 hivi. Ukikuta Clarks za kiume zina herufi pembeni ya namba, G ni upana wa kawaida na H ni mguu mpana. Vaa vyote viwili, na soksi utakayovaa kazini, utembee mpaka meza ya tatu na kurudi. Mguu mmoja haukuambii kitu.

Bei: moka ya ngozi iliyo safi utatajiwa 45,000, anayejua anaondoka nayo kwa 30,000 mpaka 35,000. Usiulize ya mwisho ngapi kabla hujavaa. Vaa, kagua, muoneshe kasoro uliyoiona, taja hela yako, kisha nyamaza. Akikuita ukishaanza kuondoka, bei yako ilikuwa inalipa.

Njoo siku ya kazi, kama saa nne asubuhi. Alfajiri marobota yanapofunguliwa wenye maduka ndio wanaowahi, na bei ya saa hiyo ni ya kwao, wanaenda kuuza zaidi. Jumamosi usije, utasukumwa tu.

Mama Nasri wa Tandika

Kaka Muuza Moka kwenye viatu umesema yote. Ila shati msilidharau, ofisini watu wanakaa wanaangaliana kifuani siku nzima.

Mwanangu, shati lianze na kola. Ikunje kwa ndani, kwenye ule mstari wa shingo: kama uzi umeanza kuota vinyweleo, mifuo michache tu itachanika. Kisha makwapa. Na usikague chini ya turubai la bluu, hapo njano yote inakuwa nyeupe. Toka nalo juani. Wauzaji wanajua, mwambie tu "naomba nilione nje", wewe hukimbii nalo.

Suruali usiamini namba. Nyingine imeshafuliwa kwa maji moto ikaingia, na za Ulaya utakuta imeandikwa 48 ukadhani ni ya mzee mwenye kitambi, kumbe ni 32 yako. Funga kifungo na zipu, shika kiuno cha suruali ukizungushe shingoni. Ncha mbili zikikutana nyuma bila kuvuta, inakutosha. Zikipishana ni kubwa, na kubwa si tatizo, fundi cherehani anapunguza kwa hela ndogo. Ndogo ndiyo hasara. Halafu geuza pindo la mguu uangalie ndani: kama kitambaa kimekunjwa cha kutosha, inaongezeka urefu. Kama kimekatwa, hiyo ndiyo mwisho wake. Na sehemu ya kukalia iangalie dhidi ya mwanga. Ukiona mikono yako upande wa pili, muachie mwenyewe.

Kwa hela yako chukua mashati matatu, meupe mawili na la bluu mpauko, na suruali mbili, nyeusi na kijivu. Nguo za ndani na soksi nunua mpya. Nguo za ndani za mitumba TBS, Shirika la Viwango, walishazipiga marufuku, na hata zisingekuwa marufuku, mwili wako ni wako. Vyote loweka usiku, fua, anika juani, piga pasi ndani na nje. Kazi njema baba.

Wa Gikomba

Niko Nairobi, miaka yangu ya kwanza kazini nilivaa mitumba ya soko la Gikomba tupu, na mambo ni hayo hayo. Naongeza moja tu: gawanya pesa kabla hujatoka nyumbani. Ya kiatu mfuko huu, ya mashati mfuko ule. Ukitoa bunda lote mbele ya muuzaji ili utafute noti ya elfu kumi, bei haitashuka tena. Na koti la suti usilinunue sasa hata likikuita, ngoja mshahara.

Kijana wa Kimara

Nawashukuru sana, mama Nasri na kaka zangu. Nitaenda Jumatano. Swali la mwisho: kiatu kikiwa kizima kila kitu ila kina harufu, nichukue? Na soli ikiwa ya kubandika tu, haina uzi, nikiacha nitakosa?

Muuza Moka

Ingiza mkono mpaka kwenye vidole. Kama ndani ni kukavu, harufu inatoka: ng'oa kitambaa cha ndani ukitupe, futa kwa maji ya siki, kianike kivulini siku mbili, weka kitambaa kipya. Jua kali linakausha ngozi inapasuka. Kama ndani kunateleza au kuna ukungu mweusi, achana nacho.

Ya kubandika chukua tu ikiwa ni mpira mgumu, kisha kabla hujaivaa hata siku moja mpelekee fundi aishone kuzunguka. Safu ya mafundi viatu iko hapo hapo sokoni. Mwambie atumie uzi wa nailoni, na usimame uangalie akishona. Kamba nunua mpya.