Fundi kapingi laptopu yake mwenyewe, kisha kaniambia "mtandao upo"!!!

Kopi na Laminesheni:
Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka.

Wale jamaa mnawajua. Siwataji. Wale wa gari lenye ngazi juu na "fundi atafika ndani ya saa 24". Mmeshajua ni akina nani, tuendelee.

Tangu juzi asubuhi taa ya LOS kwenye kiboksi cha faiba, ile ya kusema mawimbi yamekatika, inapepesa nyekundu kama jicho la mlevi. Mimi si injinia, lakini ile taa hata mwanangu wa darasa la pili akiiona anasema "baba, kimeumwa". Nina steshenari huku Mbagala, watu wamejaa na vyeti mkononi, maombi yanafungwa leo usiku. Nimepiga simu mpaka ule wimbo wa kusubirishwa nauimba usingizini, mke wangu ameanza kuitikia.

Leo saa nane kaja. Miwani ya jua ndani ya chumba. Kiboksi hakukigusa. Waya hakuuangalia. Akamwinua mteja wangu kwenye kiti, akakaa yeye, akafungua laptopu YAKE. Haijachomekwa waya wowote. Wi-Fi haijaunganishwa popote, nimeona kwa macho yangu. Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika ping, ile amri ya kuita kompyuta nyingine uone kama inajibu:

ping 127.0.0.1

Yakarudi majibu manne. Zimetumwa 4, zimepokelewa 4, zimepotea 0. Akanigeuzia kioo kama daktari anayekuonyesha mtoto tumboni: "Unaona bosi? Haifiki hata milisekunde moja. Mtandao upo, tena mwepesi. Kompyuta zako ndizo mbovu."

127.0.0.1!!! Wakuu! Hiyo ni mashine inajiita yenyewe! Ni mtu kajifungia chooni, kagonga mlango kwa ndani, kajijibu "karibu", halafu anatoka anakwambia wageni wamefika. Hiyo pakiti, kile kifurushi cha data, haikutoka hata kwenye laptopu yake. Dar yote ikizama baharini leo, 127.0.0.1 itajibu chini ya milisekunde moja.

Nikamwambia basi pingi 8.8.8.8. Akasema: "Hiyo ni ya Google bosi, sisi hatuhusiki na Google."

Hajafika hata barabarani, meseji inaingia: "Tatizo lako limetatuliwa. Tupe nyota." Na ile taa bado inapepesa. Inanikonyeza.

Siti ya Mbele:
Nimekuja na kiti changu. Mwenye karanga apitishe huku.

Bibi wa Waya:
"Hatuhusiki na Google" 😂😂😂 nimemwaga chai kwenye kibodi ya ofisi

Mzee wa Swichi:
Kwa faida ya vijana. 127.0.0.1 inakwambia tu kwamba programu za mtandao ndani ya mashine yako ni nzima. Basi. Ukitaka kujua ugonjwa uko wapi unatembea hatua kwa hatua: unapingi anwani ya mashine yako, kisha ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha kitu cha nje kama 8.8.8.8, mwisho unapingi jina. Namba ikijibu na jina likagoma, shida ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Ruta ikijibu na nje kukawa kimya, shida iko kwao. Na LOS ikiwa nyekundu hata kupingi huhitaji, mwanga haufiki kwenye kiboksi, mtu apande nguzoni akaangalie.

Marehemu Mike Muuss aliiandika ping Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa sona ya nyambizi: unapiga mlio, unangoja mwangwi urudi. Huyo fundi wako kaingiza kichwa kwenye ndoo, kapiga kelele, kasikia mwangwi, kafurahi.

Kopi na Laminesheni:
NDOO! Mzee umenifikisha. Na alifurahi kweli, alitabasamu. Hilo tabasamu ndilo sitalisamehe. Taa nyekundu nyuma yake, meno mbele yangu.

Dogo Janja wa Kimara:
Sasa mkuu, yeye anapingi, wewe unapinga, ugomvi uko wapi? Wote mnafanya kazi moja 😂

Mkaa Chini:
Mimi namtetea fundi. Alisema mtandao upo. Hakusema uko wapi.

Nukta Moja:
Wewe una afadhali. Mimi bosi wangu kasoma kozi ya wiki moja, sasa anasimama nyuma yangu nikifanya kazi. Juzi nimepingi seva kutoka kwenye ruta ya Cisco, ikatoa .!!!! asilimia 80, nukta ni pakiti isiyojibiwa, alama ya mshangao ni iliyojibiwa. Ile pakiti ya kwanza mara nyingi inadondoka wakati ruta bado inatafuta anwani ya MAC, ile namba ya kifaa chenyewe, ya upande wa pili, mtu yeyote wa Cisco anajua. Nimerudia: !!!!! tano safi. Hataki. Anataka ripoti ya maandishi, asilimia 20 ya mtandao wa kampuni imeenda wapi na nani kaichukua. Nimeandika kurasa mbili. Kuhusu nukta.

Bibi wa Waya:
Andika imeibwa na fundi wa Mbagala, ndiyo maana anatabasamu.

Mtu wa Helpdeski:
Sisi kuna kijana anapeleka ripoti "upotevu 0%". Kufungua ndani, mistari yote minne ni Destination host unreachable, yaani mashine haifikiki, na anayejibu ni kompyuta yake yeye mwenyewe! Windows inayahesabu kama majibu yaliyopokelewa. Alisifiwa kikaoni. Akapigiwa makofi.

Faiawoli Kali:
Na wale wanaosema seva imekufa kwa sababu tu haijibu ping? Faiawoli, ule ukuta wa ulinzi, imezuia ICMP, njia inayotumiwa na ping, tovuti inafunguka vizuri, yeye anakimbia koridoni anapiga yowe. Jumapili saa kumi alfajiri niliamshwa kwa hilo. JUMAPILI.

Dogo Janja wa Kimara:
Mleta uzi, steshenari nzima huna hata bando la kuwasha hotspoti?

Kopi na Laminesheni:
Niliwasha. GB 1 haikumaliza wateja wawili, wa pili alikuwa anapakia cheti cha kuzaliwa alichokiskani yeye mwenyewe, MB 40, cheti kimoja. Lakini mada si bando. Mada ni 127.0.0.1.

Mchuuzi:
Hapo kwenye bando ndipo penyewe! GB 1 ya siku hizi siyo ile ya zamani. Unajiunga, unafungua WhatsApp kusoma "mambo", meseji inakuja umetumia asilimia 75. Mambo gani hayo ya asilimia 75?

Siti ya Mbele:
Video za kundi la ukoo. Kuna mjomba kule anatuma "habari za asubuhi" ya dakika nne, maua yanazunguka.

Mama Nuru:
Bando mnalia, mkija kwenye tokeni za umeme mtafanyaje? Nimeingiza zile namba 20 mara tatu, mita inasema kosa. Naita fundi, anaigonga kwa kidole, ananiambia "mama, ipe muda". Nimekaa gizani naipa muda.

Mkaa Chini:
Afadhali wa mita aligonga. Wa friji yangu aliweka sikio, akasikiliza, akasema "inapumua", akachukua elfu ishirini akaondoka. Samaki wote wameharibika.

Mama Nuru:
Samaki gani?

Mkaa Chini:
Changu. Kilo tatu. Usinikumbushe.

Kopi na Laminesheni:
Jamani turudi kwenye mada. 127.0.0.1. Kwenye laptopu YAKE.

Mchuuzi:
Changu kilo tatu si ungewapaka chumvi mapema ukawakausha?

Mkaa Chini:
Jua liko wapi wiki hii?

Mpangaji Mpya:
Habari wakuu, samahani, nimehamia Mbagala juzi. Hao jamaa wa gari lenye ngazi wanachukua shilingi ngapi kwa mwezi? Nataka kuunganisha.