Picha za kupaka rangi ziondolewe madarasa ya awali? Mjadala kuhusu sanaa kwa watoto wa miaka 4 hadi 6

Mleta mada (mkufunzi wa sanaa)
Wadau, kwenye madarasa mengi ya awali kipindi cha sanaa ni fotokopi ya tofaa au mtu wa theluji, na mtoto anajaza krayoni bila kutoka nje ya mstari. Anajifunza kutii mstari. Kutazama hafundishwi. Napendekeza karatasi hizo ziondolewe, na badala yake kila mtoto atazame kazi moja halisi kwa wiki.

Anzeni na khanga, maana ipo kila nyumba. Inyoosheni na kuitundika chini, ukingo wake uwe usawa wa magoti ya mtoto. Watoto wakae mkekani nusu duara, wasizidi 12. Wape dakika moja ya kimya, kisha maswali matatu tu: Unaona nini? Umejuaje? Kuna nini kingine? Wakimaliza kutaja korosho na maua, mmoja mmoja afuate pindo kwa kidole pande zote nne, halafu aoneshe mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, unapoanzia. Wengi husimama kwenye kona, kwa sababu hapo ndipo ua la pindo linapogeuka au kukatwa, na mara wanaanza kubishana wenyewe. Msiwakatize! Jina la khanga lisomwe mwisho. Likitangulia, macho yote yanabaki kwenye herufi. Dakika 10 zinatosha.

Kinachoua kipindi ni mwalimu kuuliza "Inapendeza?" Darasa zima litaitikia ndiyo, na hapo hakuna la kuendelea.

Mwalimu wa awali
Mkufunzi, darasa lina watoto 60 na mwalimu mmoja. Hao 12 wakiwa mkekani, 48 wanafanya nini? Karatasi ya kupaka rangi inamtuliza mtoto na kumzoesha kushika penseli kwa vidole vitatu. Mzazi anauliza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), haulizi pindo. Mimi nasema karatasi zibaki.

Mleta mada
Mwalimu, kikundi kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, 60 wameisha. Wale 48 wapewe udongo wa mfinyanzi, donge la ukubwa wa ndimu kila mmoja. Kufinya na kuviringisha kunaimarisha vidole kuliko krayoni. Udongo uchujwe mawe na ufunikwe kitambaa kibichi tangu jana yake. Ukiwa mkavu unapasuka mtoto akiukunja, naye anakata tamaa. Ukiwa na maji mengi unaishia kwenye sare.

Mchoraji wa Tingatinga
Naungana na mleta mada kuhusu kutazama, ila msije mkapiga marufuku kunakili. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mtindo wake haukufa naye kwa sababu waliokaa karibu naye walijifunza kwa kufuatisha mkono wake. Tofauti na fotokopi ni kwamba mwanafunzi anaona kazi ikijengwa tangu mwanzo.

Kwa watoto, swali zuri mbele ya picha zetu ni: kipi kilipakwa kwanza? Rangi ya nyuma hutangulia na kuachwa ikauke, ndipo mnyama, na madoa huja mwisho. Mtoto akipitisha kidole kisafi juu ya chui anahisi kila doa limeinuka kidogo. Doa lililowekwa kabla ya tabaka la chini kukauka huwa limesambaa kingo, na watoto wana macho makali, watalikuta. Rangi hii ya mafuta inang'aa, kwa hiyo picha isielekezwe dirishani. Watoto wataona mwanga mtupu. Na picha ya kwenye simu haifai kwa zoezi hili, haina cha kugusa.

Mzazi, Unguja
Wapo wazazi tusiotaka watoto wachore viumbe vyenye roho, na vinyago vya shetani vinawatisha wadogo. Mbona mnazungumza kana kwamba sanaa ni wanyama tu? Huku kuna milango ya nakshi. Mtoto atafute mfaa, ule mti wa wima pale katikati, ahesabu njumu za shaba zilizopigwa mlangoni, afuate mnyororo uliochongwa pembeni mwa fremu. Akishatazama, wekeni karatasi nyembamba juu ya nakshi, mtu mzima aishikilie, mtoto asugue krayoni iliyolazwa ubavu. Akitumia ncha, karatasi inatoboka. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza.

Mchonga vinyago
Ndugu wa Unguja ana haki. Kinyago cha shetani kisubiri, cha ujamaa kinatosha: watu wamebebana, mtoto ahesabu vichwa huku akikizunguka, maana upande mmoja haumpi jibu. Mpingo ni mzito, wakae chini wasije wakaangusha kinyago vidoleni. Leteni na kipande kilichobaki karakana, kiini cheusi na ganda jeupe, mkitie kwenye ndoo ya maji. Kinazama, na hapo wanaelewa kwa nini patasi inanolewa kila mara. Kabla ya hapo, sugua kitako cha kinyago kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kikitoa weusi, ni mti mweupe uliopakwa kiwi, na watoto hutia vidole mdomoni.

Mwalimu wa awali
Ratiba ya vikundi vya siku tano naikubali, na udongo pia. Karatasi bado siziondoi zote: kila Ijumaa karatasi moja kwa kila mtoto, ila badala ya tofaa iwe na pindo tupu la khanga na mji ulioachwa wazi, ajaze anachotaka.

Mleta mada
Mwalimu, hata hilo pindo aliweke mwenyewe. Mpe karatasi tupu na rula.