Naomba ushauri: kupima matumbawe kwa kamera isiyofanyiwa kalibresheni

Ndugu wanajamvi, ninazo video za matumbawe ya Mafia, zilizopigwa kwa kamera ndogo ndani ya kasha lenye kioo bapa, bila picha zozote za ubao wa miraba wa kufanyia kalibresheni (yaani kupima tabia za lenzi). Kwa kuwa maji hupinda mwanga kwa kipeo cha takriban 1.33, umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi mahali mwanga unapokutana kuunda taswira) huonekana kuongezeka kwa karibu theluthi moja, na programu ya COLMAP, inayounda maumbo ya pande tatu kutokana na picha, ikijikadiria yenyewe vigezo vya lenzi, hunipa sakafu ya bahari iliyobonyea kama bakuli. Je, niufunge umbali huo usibadilike, au niiache programu ikadirie mpindo wa lenzi pekee? Aidha, kamera moja haitoi ukubwa halisi. Fremu ya mraba ya wapimaji, inayoonekana katika baadhi ya video, yatosha kuwa kipimo? Matumbawe yale hayarudiki, hivyo natamani sana video hizi zitumike.