Nimehamia shamba Kimbiji, Kigamboni, huu mwezi wa nne tangu nije, jioni haziishi. Ushauri wakuu

Mtoro wa Sinza: Wakuu salaam. Nimekaa Sinza miaka 19. Mwezi wa tatu tumehamia Kimbiji, ekari moja na nusu tuliyokuwa tunaiendea wikiendi tu. Mchana unapita, shida ni jioni. Saa moja giza, sola inatosha taa na chaji ya simu, majirani washalala. Mchicha naukagua kila asubuhi kama mtu anayesubiri mshahara. Najikuta nipo kwenye pantoni, naenda mjini kununua kiberiti. Mke wangu keshazoea, ana kuku wake. Mliopitia haya mlizoeaje?

Mama Ntilie Mstaafu: Mwanangu, mchicha wiki tatu, nne, unachuma, hapo bado hujajifunza kungoja. Marehemu mzee wangu tulipohamia Mkuranga alikuwa haamini usiku. Anaamka, anasikiliza kama kuna gari linapita. Likipita, analala. Alipanda minazi ana miaka 58, watu wakamcheka. Madafu kayanywa miaka minne kabla hajaondoka. Mnazi mmoja ulikataa kuzaa, hata leo nauangalia kwa jicho baya.

Kijana wa Buza: Mkuu, jirani yangu ana sabufa. Tubadilishane, hata kesho.

Abuu Swabri: Anayeamka alfajiri kuswali hana shida na saa tatu usiku. Mjini mmezoeshwa makelele.

Dalali Mstaafu: Pantoni unapanda mara ngapi kwa wiki?

Mtoro wa Sinza: Mara tatu, nne. Kwani vipi?

Dalali Mstaafu: Nimeuza viwanja Kigamboni miaka 11. Mtu wa pantoni mara nne kwa wiki ana mteja.

Mtoro wa Sinza: Sawa. Kuna mtu kanipa advansi milioni tatu. Hakuna mkataba, ni kikaratasi tu. Hela ipo, isipokuwa laki nne nimelipia chumba Sinza. Mke sijamwambia, sitaki apate presha, nitamwambia mambo yakikaa sawa. Na shamba nilinunua kwa jasho langu, naombeni hilo lieleweke.

Shangazi wa Tegeta: Kumbe! Unatuuliza jinsi ya kuzoea mahali ulipokwisha pauza.

Mtoro wa Sinza: Sijauza. Nimepokea advansi.

Wakili wa Kijiweni: Nyumba mnayolala imo humo shambani? Soma Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa huiuzi bila ridhaa ya mwenzako, jasho liwe la nani.

Mkulima Jembe: Nyie endeleeni tu. Huyu wiki iliyopita kwenye uzi wa matunda kaandika anakula papai la shambani kwake kila asubuhi. Kahamia mwezi wa tatu! Hata mbegu za kisasa zinataka miezi saba, nane. Hii ni chai, uongo mtupu.

Kijana wa Buza: Leteni vitumbua.

Mtoro wa Sinza: Mapapai nimeyakuta, kayapanda mlinzi mwaka jana. Chai ningeitia sukari.

Jana ilikuwa siku ya 21 ya tetea wa mke wangu. Kaniita bandani, kaniwekea yai sikioni. Linalia ndani! Tumekaa juu ya ndoo tulizozipindua, tochi ya simu tumeiziba kwa kanga. Likatoboka kitundu kama punje ya mtama, kisha kimya, nusu saa nzima. Nikanyoosha mkono nilimenye, akanipiga kibao cha vidole: "Liache, utamtoa damu." Mteja kapiga mara mbili, nimezima simu. Nilipokuja kuangalia saa ilikuwa saa sita kasoro.

Mama Ntilie Mstaafu: Mwanangu, kumbe unaweza kukaa.

Shangazi wa Tegeta: Na ukamwambia?

Mtoro wa Sinza: Vimetoka tisa. Bado mayai mawili.

Shangazi wa Tegeta: Sijauliza vifaranga.

Mtoro wa Sinza: Shangazi, nimemwambia asubuhi. Hajajibu kitu, kachukua pumba kaenda bandani. Milioni tatu nairudisha Jumatatu, ila ile laki nne sijui naitoa wapi.

Mkulima Jembe: Uza papai.

Kijana wa Buza: Mkuu, hicho chumba cha Sinza kina mtu?