Nianze na makala gani ya zamani: Lancet au BMJ?

Kliniki_Kisumu: Habari zenu. Nasomea uafisa wa kliniki hapa Kisumu. Wahadhiri hawaishi kuzitaja Lancet na BMJ, yale majarida ya kitabibu ya London, utadhani ni msahafu. Nataka makala moja tu ya zamani, inayogusa wagonjwa ninaowaona wodini. Nianze na ipi?

Mzee wa Hadubini, Ahero: Mwanangu, tafuta BMJ ya Februari 1954, makala ya Anthony Allison kuhusu malaria na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda seli za damu. Huyo hakuwa mgeni wa kupita, alilelewa Gilgil. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu, akakuta jeni ya selimundu imejaa pwani na huku ziwani, kule nyanda za juu ni haba. Malaria nayo ndivyo ilivyojigawa. Baadaye akapata Waluo 30 wa kujitolea, 15 wenye jeni hiyo na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria. Wasio nayo, 14 walionekana na vimelea. Wenye nayo, 2 tu! (Leo kamati ya maadili ingemtimua kabla hajafungua mkoba.) Ukirithi jeni moja una kinga, ukirithi mbili ndiyo yale maumivu unayoyaona wodini.

Sisi maabara tulikuwa tunaweka tone la damu chini ya kioo chembamba, tunaziba kingo kwa vaselini hewa isiingie, kesho yake unakuta seli zimepinda kama mwezi mchanga. Ukishaiona hiyo, makala ya Allison inasomeka kama barua.

Nyakach_Juu: Mzee, shikamoo. Mimi ningempa Lancet ya Februari 2007, maana jina la Kisumu limo kwenye kichwa chenyewe cha makala. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24: wengine walitahiriwa mara moja, wengine wakangoja. Maambukizi ya Ukimwi yalipungua kwa takriban nusu. Ndiyo maana kliniki za tohara zilitapakaa Nyanza.

Mnakuru: Kila kitu London? East African Medical Journal ni ya hapa Kenya, na ni ya tangu miaka ya 1920. Isomeni pia.

Kliniki_Kisumu: Asanteni sana. Mzee, hiyo ya 1954 nitaitoa wapi? Maktaba yetu haina.

Mzee wa Hadubini, Ahero: BMJ za zamani zimo kwenye intaneti, bure kabisa. Anzia kwenye majedwali, utangulizi utausoma baadaye.