Tetemeko likiua watu mbali, mtoto aambiwe ni adhabu ya Mungu?

Mama wa Kisauni (mwanzisha mada):
Assalam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo. Nataka tujadili bila matusi. Lile tetemeko la Uturuki na Syria la Februari 2023, lililoua watu zaidi ya 50,000, binti yangu alirudi chuoni (madrasa) akanambia ustadhi kasema wale walimuasi Mungu ndo wakaangukiwa na majumba, halafu akaniuliza, na vile vitoto vichanga navyo viliasi nini? Sasa kila kukitokea janga huko nje maneno ni yaleyale. Mie msimamo wangu nausema wazi, hii si dini tunayowapa watoto. Hadithi iko Bukhari na Muslim, vile vitabu viwili vya hadithi sahihi, aliyeangukiwa na jengo ni shahidi, yaani kafa kifo cha daraja kubwa kwa Mungu, aliyezama shahidi, aliyekufa kwa tauni shahidi. Mtu ambaye Mtume kampa daraja hiyo, wewe mbele ya watoto wa miaka saba unamuita muasi?

Baba wa Majengo:
Dada, msimuandame ustadhi. Kwani habari za kaumu Nuhu, Adi na watu wa Luti walioangamizwa kwa uasi hatukusomeshwa sote? Tumelelewa na hiyo hofu na hatukuharibika. Watoto wa siku hizi simu mkononi usiku kucha, ukiwaondolea na hofu ya Mungu wabaki na nini? Na Sura Rum aya ya 41 yasema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Si maneno yangu.

Mama wa Kisauni:
Kaka yangu, kaumu Nuhu walikuwa na Nabii wa kuwaonya, miaka 950. Hao wa Uturuki wahyi (ufunuo wa Mungu) kuwahusu kakuletea nani? Hiyo mikono ya watu lakini naikubali tena sana, maana kule wajenzi walikamatwa kwa majumba yaliyojengwa ovyo, na hata hapa Kenya ghorofa la Huruma Nairobi 2016 lilianguka kwa mvua tu si tetemeko. Basi mfundishe mtoto kuwa kuiba simenti ni dhambi inayoua watu. Hofu ya Mungu si ndo hiyo?

Kijana wa Kibokoni:
Na ule msikiti wa Baiturrahman pale Banda Aceh, Indonesia, tsunami ya 2004 mji wote umelala chini wenyewe umesimama? Wadogo zangu niliwaonyesha klipu wakapiga takbir. Imani iliongezeka wallahi.

Mama wa Kisauni:
Alhamdulillah kwa msikiti, ila usiwafiche hao wadogo zako habari za waumini wa mji ule waliokufa. Aceh ni watu wa dini hasa, na ndo waliokufa wengi kuliko kwengine kote, zaidi ya laki moja na nusu. Maji hayohayo Jumapili ileile yakafika mpaka huku pwani, watu wakatolewa bichi, Somalia wakafa karibu 300, Kenya mtu mmoja. Nani athubutu kusema sisi tulikuwa wema kuliko Aceh? Kwa Mombasa hii niijuayo, ngoja nicheke kwanza.

Mwalimu wa sande skul, Mikindani:
Kwetu kanisani shida ni hiyohiyo. Mie huwasomea Luka 13, mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 na Yesu akauliza, mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, hapana. Lakini palepale akawaambia watubu, kwa hivyo Baba wa Majengo ana haki nusu. Toba ipo, ila ni ya yule anayesikiliza habari, si ya aliyefukiwa. Jingine linaloniudhi ni ile "tuombee Haiti" ya dakika moja halafu wimbo, mtoto hata Haiti hajui iko wapi.

Bibi wa Likoni:
Nyinyi mwabishana na watoto wako kwenye simu waangalia maiti. Zimeni kwanza hizo vidio, kitoto kidogo kila kikiona jumba laanguka chadhani ni jengine leo hii, usiku hakilali. Mie wajukuu zangu huwaambia, Najashi, mfalme wa Habasha, alikufa kwao na Mtume akamswalia yuko Madina, basi na sisi tusimame tuwaswalie hao ghaibu, yaani maiti wakiwa mbali, halafu kila mmoja atoe japo shilingi kumi ya mabuyu iende sadaka. Mtoto akishafanya kitu hakuulizi tena maswali ya kukuliza.

Baba wa Majengo:
Hapo kwenye sadaka nakubali bi mkubwa. Lakini swala ya ghaibu wanazuoni wamekhitilafiana, wa madhehebu ya Hanafi na Maliki hawaikubali.

Bibi wa Likoni:
Na wewe mwanangu tangu lini ukawa Mhanafi? Sisi ni Mashafi, madhehebu ya Shafi, na kwetu yafaa. Ijumaa muulize imamu wako, na mtoto wako nenda naye.