Mjadala: Tuzo za Charley Pride zilikuwa heshima yake, au kinga ya Nashville?

Mleta mada:

Ninaileta hoja hii nikiwa shabiki, wala sifichi. Kwa maoni yangu, hakuna mwimbaji wa kantri wa karne iliyopita aliyeimba kwa utulivu na usafi wa sauti kumzidi Charley Pride, na tuzo alizopata alizistahili zote. Hata hivyo, kila jina lake linapotajwa siku hizi, hasa tangu Beyoncé, kwa albamu yake ya kantri, alipokosa hata uteuzi mmoja katika tuzo za mwaka 2024 za Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani, hudaiwa kwamba tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka aliyopewa Pride mwaka 1971 ilikuwa pambo tu, yaani kwamba wakubwa wa Nashville, mji ulio kitovu cha biashara ya kantri, walimteua Mweusi mmoja ili wasiulizwe habari za wengine. Naomba tulijadili dai hilo kwa ushahidi.

Pride alizaliwa mwaka 1934 huko Sledge, Mississippi, mmoja wa watoto 11 wa mkulima wa pamba aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa besiboli, naye aliichezea Memphis Red Sox katika ligi za Weusi kabla ya kuhamia Montana, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyushia madini na kuimba kwenye baa usiku. Kampuni ya santuri ya RCA ilipomsajili kwa idhini ya Chet Atkins, aliyekuwa mkuu wake huko Nashville, santuri zake za mwanzo za mwaka 1966 zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha yake. Wapo wanaoiita hatua hiyo hila. Mimi naiona kuwa mtihani mgumu kuliko kura ya tuzo yoyote, kwa sababu watangazaji na wasikilizaji wa majimbo ya Kusini walimpenda kwa sikio kabla ya kupata nafasi ya kumchukia kwa jicho. (Sisi tuliomjua kupitia vipindi vya redio vya mwisho wa wiki nchini Kenya tulimpokea vivyo hivyo, na najua wazee kadhaa walioimba naye ‘Crystal Chandeliers’ miaka mingi bila kujua rangi yake.)

Mwaka huohuo wa 1966 alipanda jukwaani Detroit, na maelfu ya watu waliokuwa wakishangilia jina lake wakanyamaza ghafla walipomwona. Akawatania kuhusu weusi wake wa kudumu, kana kwamba umetokana na kuota jua, kisha akaimba, na shangwe zikarudi. Mwaka 1969 wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya jarida la Billboard, jambo ambalo halikuwa limempata msanii Mweusi tangu Louis Jordan mwaka 1944, na hadi mwisho wa safari yake nyimbo zake 29 zilifika hapo. Mtu mwenye rekodi hiyo hapewi tuzo kwa hisani.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, kuhusu sauti hatubishani. Tunachobishania ni matumizi ya tuzo ile. Umesema kuficha picha ni mtihani. Mimi nasema ni ungamo la kampuni yenyewe, kwa sababu hakuna mwimbaji Mzungu aliyelazimika kufichwa uso ili asikilizwe. Tena mgawanyiko huo haukuanzia kwa wasikilizaji. Katika miaka ya 1920 kampuni za santuri ndizo zilizoamua kwamba muziki wa Weusi wa Kusini uuzwe katika orodha moja na ule wa Wazungu wa vijijini katika orodha nyingine, ilhali wapigaji walikuwa wakibadilishana nyimbo, na banjo yenyewe ilitokana na ala za watu waliotekwa Afrika Magharibi. DeFord Bailey, mpuliza kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza kabisa wa Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la Nashville linalorushwa redioni, akaondolewa mwaka 1941, na hakuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri hadi mwaka 2005, zaidi ya miaka 20 baada ya kufa kwake.

Mtazame pia Linda Martell, mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake Opry, mwaka 1969, ambaye alitoa albamu moja ya kantri, ya mwaka 1970, kisha milango ikafungwa. Huyo aliimba katika miaka ileile ambayo Pride alikuwa kileleni. Kama tuzo ya 1971 ilifungua njia, kwa nini mpaka leo hakuna Mweusi mwingine aliyepewa tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa chama hicho? Na kila swali hilo linapoulizwa, jibu huwa lilelile: mbona tulimpa Charley Pride?

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongeza mambo mawili. Kwanza, wapiga kura wa chama hicho si mashabiki, bali ni wanachama walio katika biashara ya kantri yenyewe, wakati tuzo za Grammy hupigiwa kura na wanamuziki na watayarishaji wa aina nyingi za muziki. Ndiyo maana albamu ya Beyoncé iliyokosa uteuzi Nashville ilishinda Grammy ya Albamu Bora ya Kantri mwaka 2025. Kwa hiyo tunapomlinganisha na Pride tuwe waangalifu: Pride aliishi ndani ya biashara ile, akizunguka miji midogo na kutegemea redio za kantri mwaka baada ya mwaka, na waliompigia kura walikuwa watu waliofanya kazi naye.

Pili, hutajwa kama ushahidi wa ubaguzi kwamba Pride hakuwa mwanachama wa Opry hadi mwaka 1993. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani mwenyewe alieleza kwamba alialikwa mapema na akakataa, kwa kuwa masharti ya kutumbuiza pale Jumamosi nyingi yangemnyima maonyesho yaliyomlipa zaidi.

Mleta mada:

Nawashukuru wote wawili. Ndugu mchangiaji wa kwanza, historia uliyoieleza ni ya kweli na inauma, lakini haithibitishi kwamba kura za 1971 zilikuwa za hila. Mwaka huohuo Pride alipewa pia tuzo ya Mwimbaji Bora wa Kiume, na mwaka 1972 akapewa tena. Anayetafuta pambo hutosheka na moja. Sina shida kukubali kwamba viongozi waliokuja baadaye waliigeuza heshima ile kuwa kinga, hata mwaka 2020 walipompa tuzo ya mafanikio ya maisha mwezi Novemba, wiki chache kabla ya kufariki kwa korona akiwa na umri wa miaka 86. Ninachokataa ni kumtoza Pride deni la watu hao. Tukisema tuzo zake zilikuwa za maonyesho, tunamnyang’anya kwa maneno mazuri kile ambacho wabaguzi wa Mississippi walishindwa kumnyang’anya kwa vitisho.

Kuhusu waliomfuata, kampuni ya santuri ya Capitol ilimsajili Stoney Edwards, Mweusi kutoka Oklahoma, na wimbo wake ‘She’s My Rock’ wa mwaka 1972 ulifika ishirini bora. Darius Rucker, mwimbaji mwingine Mweusi, naye alipewa tuzo ya Msanii Mpya ya chama hicho mwaka 2009. Njia ilikuwa nyembamba, lakini ilipitika.

Mchangiaji wa kwanza:

Mfano wa Edwards unanisaidia mimi, ndugu yangu. Hakuwahi kuingia kumi bora, na wimbo huohuo uliporekodiwa baadaye na George Jones, mwimbaji Mzungu, ulipanda juu zaidi. Kati ya Edwards na Rucker, umetuvusha zaidi ya miaka 35 kwa sentensi moja. Sasa tuitazame biashara yenyewe: katika miaka ya sabini RCA ilikuwa na mtu aliyeiuzia santuri kuliko msanii wake yeyote ila Elvis Presley. Mfanyabiashara akipata faida ya namna hiyo huenda kesho yake kutafuta wa pili na wa tatu palepale alipompata wa kwanza. Wao hawakutafuta kwa bidii hiyo, na mimi sioni sababu ya kifedha inayoweza kulieleza hilo. Tuzo ni zake, nakubali bila masharti. Ila wanaozitaja kama cheti cha usafi wa Nashville wajibu kwanza swali la huyo wa pili.